Jackie Mittoo: Fundi wa midundo iliyowabeba wengine

UKISIMAMA katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, utaona jambo ambalo wenyeji wa Ziwa Tanganyika hawalishangai hata kidogo. Boti ile ile ya mbao leo hubeba abiria wanaokwenda Mwamgongo na Kagunga, kesho hubeba saruji, keshokutwa hurudi na madumu ya mawese. Kila mwenye mzigo huzungumzia mzigo wake.

Fundi aliyezichagua mbao, akazikunja na kuzigongomea hadi zikawa chombo, hatajwi wakati nauli inapokusanywa.

Katika historia ya muziki wa rege yupo mtu aliyekuwa fundi wa namna hiyo. Alijenga vyombo vilivyowabeba waimbaji na waghani wa vizazi vitatu, wengi wao wakapata sifa kuliko yeye. Mtu huyo ni marehemu Jackie Mittoo, mpiga kinanda wa Jamaika aliyefariki dunia Desemba 16, 1990, akiwa na umri wa miaka 42 tu.

Wapenzi wengi wa rege nchini, ambao muziki huo uliwafikia kupitia redio na kaseti za akina Bob Marley, Peter Tosh, Burning Spear na baadaye Lucky Dube, hawalifahamu jina lake. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mpenzi wa rege ambaye hajawahi kucheza mdundo uliotoka katika studio aliyoiongoza.

Kabla ya kuyasimulia maisha yake, ni vyema msomaji akaelewa maana ya kile ambacho Wajamaika hukiita ridimu. Huo ni mdundo uliokwishapigwa na kurekodiwa, wenye besi, ngoma, gitaa na kinanda, lakini usio na mwimbaji. Juu ya mdundo huo mmoja, msanii wa kwanza huweka wimbo wake, wa pili akaweka wa kwake, na wa hamsini vivyo hivyo. Kila mmoja huwa na maneno yake, jina lake na santuri yake.

Utaratibu huo ni tofauti na ule uliotumiwa na wasanii wenye asili ya Kigoma mwaka 2012, akina Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Peter Msechu na Baba Levo, walipokutana na wenzao katika Leka Dutigite. Pale sauti nyingi ziligawana wimbo mmoja. Kwa Wajamaika, kama ingekuwa wao, kila mmoja wa wasanii hao angeondoka na wimbo wake kamili, na msikilizaji angeletewa nyimbo kumi na zaidi zenye mdundo ule ule, bila mtu yeyote kudai kwamba ameibiwa.

Ndivyo muziki wa kumbi za dansi, yaani dansiholi, ulivyozaliwa. Na midundo ya kwanza kabisa ya dansiholi haikuwa mipya. Ilikuwa ya zamani, iliyotolewa kabatini, na sehemu kubwa ya kabati hilo ilijazwa na Mittoo na wenzake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Donat Roy Mittoo. Alizaliwa Machi 3, 1948 katika mji mdogo wa Browns Town, katika jimbo la Saint Ann kaskazini mwa kisiwa cha Jamaika. Jimbo hilo lina bahati ya pekee, kwani ndilo alikozaliwa Marcus Garvey, ndilo alikozaliwa Burning Spear, na ndilo alikozaliwa Bob Marley miaka mitatu kabla ya Mittoo.

Aliyemfundisha piano alikuwa bibi yake, akiwa bado mtoto mdogo. Alipofikisha umri wa miaka kumi alikuwa tayari akipiga mbele ya watu. Baadaye alihamia Kingston, mji mkuu, ambako alipitia bendi za vijana zikiwamo The Rivals na The Sheiks.

Jamaika ilipata uhuru Agosti 6, 1962, na shangwe za uhuru huo zilikuwa na muziki wake, ska, uliopigwa kwa kasi na kwa tarumbeta nyingi. Mfanyabiashara mmoja wa muziki, Clement Dodd, aliyejulikana zaidi kwa jina la Coxsone, alikuwa na mitambo ya kupiga muziki mitaani. Mwaka 1963 alifungua studio yake mwenyewe katika nyumba namba 13, Barabara ya Brentford. Studio hiyo aliiita Studio One.

Mwaka 1964 wapigaji hodari wa Kingston waliunda bendi ya The Skatalites. Humo walikuwamo Tommy McCook na Roland Alphonso katika saksafoni, Don Drummond katika tromboni, Lloyd Brevett katika besi na Lloyd Knibb katika ngoma. Hao walikuwa watu wazima waliokomaa katika muziki wa jazi. Kwenye piano alikaa kijana wa miaka 16, Mittoo.

Bendi hiyo haikudumu. Januari 1965 Drummond alikamatwa kwa kumuua mpenzi wake, Anita Mahfood, mcheza dansi maarufu wa Kingston, na Agosti mwaka huo The Skatalites wakasambaratika. Drummond alifariki mwaka 1969 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kwa Mittoo, kuvunjika kwa bendi kulifungua mlango. Dodd alihitaji wapigaji wa kudumu wa studio, na kijana huyo ambaye hakuwa hata na miaka 18 akawa kiongozi wa muziki wa Studio One. Kwanza wapigaji hao walijiita The Soul Brothers, akiwa pamoja na Alphonso. Mwaka 1967 wakawa The Soul Vendors, na kwa jina hilo walizuru Uingereza pamoja na waimbaji Alton Ellis na Ken Boothe. Baadaye wakajiita Sound Dimension, jina lililotokana na mashine ya mwangwi iliyokuwa studioni.

Majina yalibadilika, lakini kazi ilikuwa ile ile ya kutengeneza midundo kila wiki. Inasimuliwa kwamba Mittoo alitakiwa kutoa mipya mitano kwa wiki. Hata kama hesabu hiyo imetiwa chumvi, wingi wa santuri zilizotoka Barabara ya Brentford katika miaka hiyo unaonyesha kwamba hapakuwa na siku ya kupumzika.

Yalikuwa mazingira ya kiwanda. Asubuhi waimbaji walipanga foleni getini wakisubiri kusikilizwa, ndani wapigaji walikuwa wakitafuta mdundo wa kumfaa kila aliyepita. Mittoo alipanga sauti, akachagua nani apige nini, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kinanda cha ogani. Mwimbaji Leroy Sibbles wa kundi la The Heptones aliwahi kueleza kwamba ni Mittoo aliyemsukuma kujifunza gitaa la besi, kwa kuwa alihitaji mpigaji wa besi wa kufanya naye kazi. Sibbles baadaye akawa miongoni mwa wapiga besi walioacha alama kubwa kuliko wote katika rege.

Kufikia mwaka 1966 ska ilikuwa imepunguza mwendo na kugeuka kuwa roksteadi. Tarumbeta zilirudi nyuma, besi ikasogea mbele. Badiliko hilo, ambalo kwa sikio la haraka laweza kuonekana dogo, ndilo lililowezesha yote yaliyofuata, kwa sababu mdundo wenye besi nzito na nafasi nyingi katikati unaweza kusimama peke yake hata mwimbaji akiondolewa. Ska isingeweza kufanya hivyo kwa urahisi, kwani ilikuwa imejaa mno.

Mwaka 1967 Sound Dimension walirekodi kipande kisicho na mwimbaji kilichoitwa Real Rock. Ukikisikiliza leo utashangaa uchache wa vitu vilivyomo. Besi inarudia sentensi moja fupi. Gitaa na ogani vinakata kwa pamoja kama panga linalofyeka majani. Tromboni ya Vin Gordon inaingia na maneno machache, inanyamaza, kisha inarudi. Hakuna anayekimbia wala anayejionyesha.

Santuri hiyo ilipotoka ilikuwa moja kati ya nyingi. Hakuna aliyetabiri kwamba ingekuja kuwa miongoni mwa midundo iliyotumiwa kuliko yote katika muziki wa Jamaika, ikiwa na mamia ya nyimbo zilizoimbwa au kughaniwa juu yake.

Karibu na wakati huo huo, kwa bahati tu, Wajamaika waligundua utamu wa mdundo mtupu. Katika studio ya mshindani wa Dodd, Duke Reid, fundi mitambo alisahau kuingiza sauti za waimbaji alipokuwa akichonga sahani kwa ajili ya mwenye disko la mtaani. Sahani hiyo ilipopigwa, ukumbi mzima uliimba wenyewe maneno yaliyokosekana. Tangu hapo upande wa pili wa santuri za Jamaika ukaanza kubeba mdundo bila mwimbaji, na waghani wakapata uwanja. Mwaka 1970 U-Roy alivuma kwa kughani juu ya midundo ya zamani ya Reid, na mlango ukawa wazi.

Mittoo mwenyewe hakubaki nyuma ya pazia muda wote. Alitoa santuri kwa jina lake, zikiwamo Ram Jam, Hot Milk na Drum Song, na albamu kama Evening Time na Keep on Dancing. Katika vipande hivyo ogani yake inaimba kama mtu. Drum Song nayo iligeuka mdundo uliotumiwa na wengine kwa miongo.

Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1960 aliondoka Jamaika na kuhamia Toronto, Kanada. Hapo ndipo simulizi yake inapoanza kuwa na uchungu.

Studio One iliwalipa wapigaji wake ujira wa kazi, kama fundi seremala anavyolipwa kwa kutwa. Kazi ikishakwisha, mali ilibaki kwa mwenye studio. Sheria ya hakimiliki iliyokuwapo Jamaika ilikuwa ile ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotungwa kabla hata redio haijaenea, na nchi hiyo haikupata sheria yake mpya hadi mwaka 1993. Mittoo alikuwa amekwishazikwa.

Si haki kumtwika Dodd lawama zote. Ndiye aliyenunua mitambo, aliyewafungulia mlango vijana wa mitaa ya kimaskini ambao hakuna mwingine aliyetaka kuwasikiliza, wakiwamo The Wailers wenyewe. Wafanyabiashara wote wa muziki wa Kingston wa wakati huo walifanya kazi kwa mtindo huo huo. Lakini wasanii kadhaa waliopita katika mikono yake walilalamika hadharani kwamba walichopata hakikulingana na walichotoa, na hesabu ni rahisi kuifanya: mdundo mmoja uliolipiwa siku moja uliuza santuri kwa miaka thelathini.

Wanamuziki wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wapo wapiga magitaa waliorekodi katika miaka ya 1970 ambao vipande vyao viliendelea kusikika redioni walipokuwa wazee, huku nchi ikipata sheria ya hakimiliki na hakishiriki mwaka 1999 tu.

Toronto haikumpokea Mittoo kama mfalme. Alipiga katika kumbi za mahoteli na baa, mara nyingi mbele ya wateja waliotaka muziki laini wa kusindikizia chakula. Mwaka 1971 wimbo wake Wishbone ulipata mafanikio nchini Kanada, na mwaka uliofuata akatoa albamu ya Reggae Magic. Aliwasaidia Wajamaika wenzake waliohamia mji huo, akawa na lebo yake ndogo, na mara kwa mara alirudi Kingston kurekodi, akifanya kazi na watayarishaji wengine akiwamo Bunny Lee.

Wakati yeye akipiga kinanda katika baridi ya Kanada, midundo yake ilianza maisha ya pili nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1970 studio ya Channel One ilianza kuipiga upya midundo ya Studio One kwa ngoma nzito zaidi na kuiuza kwa mafanikio makubwa. Dodd aliona biashara ikimponyoka. Jibu lake lilikuwa kuzitoa kanda za asili na kuwaingiza vijana wapya waziimbie. Wa mbele kati yao alikuwa Sugar Minott, ambaye albamu yake ya mwaka 1978, Live Loving, ilikuwa na nyimbo mpya juu ya midundo ya miaka kumi nyuma. Wanahistoria wengi wa muziki huona hapo ndipo dansiholi ilipoanza kujitambua.

Zamu ya Real Rock ilifika. Mwishoni mwa muongo huo Willi Williams aliuimbia mdundo huo Armagideon Time, wimbo kuhusu watu wanaolala na njaa na wasiopata haki, ambao haukumhubiria mtu kwa ukali bali ulimwonya kwa upole. Papa Michigan na General Smiley, waghani wawili waliopokezana maneno, waliutumia mwaka 1979 katika Nice Up the Dance, wimbo wa kuchangamsha ukumbi.

Mdundo ni mmoja, lakini wa kwanza unakufanya uinamishe kichwa na wa pili unakuinua kitini. Huo ndio uzuri wa ridimu iliyojengwa vyema, kwamba haimlazimishi mwimbaji aseme nini.

Desemba 1979 bendi ya vijana wa Kizungu wa London, The Clash, waliuimba upya Armagideon Time katika upande wa pili wa santuri yao ya London Calling. Kipande kilichopigwa na wafanyakazi wa kulipwa kwa wiki Barabara ya Brentford kilikuwa kimefika mbali.

Kingine kilifika mbali zaidi. Full Up, mdundo mwingine wa Sound Dimension, ulichukuliwa na The Mighty Diamonds mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wimbo kuhusu kiko cha bangi. Watoto wa shule wa Birmingham, Uingereza, waliojiita Musical Youth, wakageuza kiko kuwa chungu cha kupikia na kuuita wimbo huo Pass the Dutchie. Oktoba 1982 ulikaa katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa wiki tatu, na redio za Afrika Mashariki nazo ziliupiga.

Aidha, wapo waliocheza wimbo wa Sean Paul na Sasha, I'm Still in Love with You, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakidhani ni mpya. Asili yake ni Alton Ellis, Studio One, mwaka 1967, enzi za Mittoo.

Mwaka 1985 ilionekana kana kwamba yote hayo yamefikia mwisho. Mtayarishaji King Jammy na mwimbaji Wayne Smith walitoa Sleng Teng, mdundo uliotoka katika kinanda kidogo cha Casio kilichokuwa na mapigo yaliyokwishatengenezwa kiwandani. Aliyeyatunga mapigo hayo ni Hiroko Okuda, mwanamke wa Kijapani aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, na kwa miaka mingi jina lake pia halikujulikana. Kompyuta ziliingia, wapigaji wengi wa studio wakakosa kazi. Lakini haukupita muda watayarishaji hao hao wakaanza kuiweka midundo ya Studio One ndani ya kompyuta zao.

Mwaka 1989 Mittoo alirudi kwa wazee wake. The Skatalites walikuwa wamekusanyika tena na kuanza kuzuru nchi za nje, naye akakaa kwenye kinanda kama alivyokaa akiwa na miaka 16. Furaha hiyo ilikuwa fupi. Afya yake ilidhoofika kwa saratani, akalazimika kuiacha bendi barabarani. Aliingia hospitali Desemba 12, 1990, na baada ya siku nne akaaga dunia.

Mazishi yake yalifanyika Januari 2, 1991 katika ukumbi wa National Arena, Kingston, ambako wanamuziki wenzake walipanda jukwaani kumuaga.

Mwanzoni mwa Mei 2004 Barabara ya Brentford ilipewa jina jipya la Studio One Boulevard. Dodd alishuhudia sherehe hiyo, na siku chache baadaye, Mei 4, naye akafariki akiwa ndani ya studio yake. Miaka minne kabla ya hapo, kampuni moja ya London ilikuwa imekusanya vipande vya Mittoo katika albamu moja iliyomwita mfalme wa kinanda wa Studio One, na mwaka 2006 wachapishaji wa Marekani wakaitoa tena Wishbone. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipohama Kingston walianza kumtafuta.

Leo kijana aliyeketi juu ya gunia pale Kibirizi, simu mkononi, anaweza kusikiliza Real Rock ya 1967, kisha Willi Williams, kisha Michigan na Smiley, kisha The Clash, zote nne zikaisha kabla boti ya Kagunga haijajaa.